Mtoto anapolilia begi lisiloshikika

Mzazi akimkuta mtoto ananung'unika kwa sababu ya begi, anajua la kufanya. Ataangalia zipu, ataangalia mkanda, na ikibidi atalipeleka kwa fundi viatu mtaani alishone. Mambo hubadilika mtoto anaposema begi analolitaka liko ndani ya mchezo wa simu, kwamba halibebi kitu, na kwamba linalipiwa. Hapo wazazi wengi hucheka. Wengine hukasirika. Begi gani hilo lisiloweza kubeba hata kalamu?

Jibu lake halianzii kwenye michezo ya simu yenye picha za kung'aa. Linaanzia kwenye michezo ya zamani ambayo haikuwa na picha hata moja, maandishi matupu, na ambayo baadhi yake inachezwa hadi leo. Humo watu wazima, wenye kazi na familia zao, wanagharamia mikoba iliyotengenezwa kwa maneno. Mzazi anayeelewa kwa nini mtu mzima anautaka mkoba wa namna hiyo hatapata shida kubwa kumwelewa mwanawe wa darasa la sita.

Pango la mabinti wawili

Mchezo wa maandishi unaendeshwa hivi. Skrini inaonyesha aya fupi: uko mbele ya nyumba ndogo ya matofali, kijito kinatiririka kuelekea bondeni. Mchezaji anaandika amri, labda aingie ndani au achukue taa. Kompyuta inajibu kwa aya nyingine. Waliokulia kwenye "Paukwa, pakawa" hawataona ugeni hapo, ila kwamba safari hii msikilizaji ndiye anayeamua shujaa apite njia gani.

Mchezo uliofungua njia hiyo ulitokana na mambo ya nyumbani kabisa. Katikati ya miaka ya 1970, Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta wa Massachusetts nchini Marekani, alikuwa ameachana na mkewe, Patricia. Wote wawili walikuwa wapenzi wa kutambaa mapangoni na kuchora ramani zake, hasa kwenye pango la Mammoth huko Kentucky, ambalo ndilo refu kuliko yote yanayojulikana duniani. Ndoa ilipovunjika, Crowther alijiona anakuwa mbali na mabinti zake wawili. Akaandika programu ya kompyuta inayomtembeza mchezaji ndani ya pango linalofanana na lile alilolijua, akachanganya na vitu vya kubuni, ili watoto wakija kumtembelea wawe na kitu cha kucheza. Alitaka mchezo ambao hata asiyejua kompyuta asingeuogopa, ndiyo maana amri zake zilikuwa maneno ya kawaida. Mabinti waliupenda. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliupanua, na mchezo huo, unaojulikana kama Adventure, ukasambaa kwenye kompyuta za vyuo.

Ndani ya pango hilo mchezaji hakuwa na mkoba. Alikuwa na mikono yake tu, na hakuweza kubeba zaidi ya vitu saba. Akiokota taa, funguo, chupa ya maji, chakula na kizimba cha ndege, nafasi inakaribia kwisha, na kompyuta itamwambia aweke kitu chini kwanza. Yeyote aliyewahi kupanda daladala na mtoto mgongoni, ndoo mkononi na mfuko wa unga kwapani anaijua hali hiyo.

Mwaka huohuo wa 1977 wanafunzi wa chuo cha MIT walianza kutengeneza mchezo wao, Zork. Ndani yake kuna nyumba nyeupe, na juu ya meza ya jikoni kuna mfuko mrefu wa kaki unaonukia pilipili kali. Ukiufungua unakuta chakula cha mchana na kitunguu saumu. Mfuko ule haukuwa pambo, ni chombo cha kuhifadhia vitu. Hata hivyo kuna mtu aliyekaa akafikiria harufu yake. Dalili za urembo zilikuwa zimeshaanza kujitokeza.

Macho ya wengine

Pango la Crowther lilikuwa na mchezaji mmoja. Mwaka 1978 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walitengeneza mchezo wa maandishi ambao watu wengi waliweza kuwamo kwa wakati mmoja. Waliuita MUD. Mtu akiingia chumbani, waliomo wanasoma kwenye skrini zao kwamba ameingia. Akisema neno, wanalisoma.

Badiliko hilo ndilo lililoufanya mkoba uwe pambo. Mtu aliye peke yake pangoni hana haja ya kujua mfuko wake una rangi gani. Akishapata majirani, haja inakuja yenyewe. Hata nyumbani ni hivyohivyo: mama anayechota maji kisimani kwake alfajiri hajali amejifunga kanga gani, lakini kwenye shughuli atafungua sanduku lote.

Mfano mzuri wa mahali ambapo jambo hili limekomaa ni GemStone IV, mchezo wa maandishi wa kampuni ya Simutronics, iliyoanzishwa mwaka 1987 katika jimbo la Missouri, Marekani. Matoleo yaliyoutangulia yalichezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia huduma ya kompyuta ya GEnie, wakati ambapo watu walilipa kwa saa. Jina la sasa lilikuja mwaka 2003. Ni ulimwengu wa ndoto wenye wachawi, mashujaa, majitu na miji ya mawe, na wote wanaishi ndani ya sentensi.

Kwenye ulimwengu huo, mtu akimwangalia mwenzake haoni sura. Anasoma maelezo: kimo chake, nywele zake, kisha orodha ya vitu alivyovaa na kubeba. Orodha hiyo ndiyo mavazi yenyewe. Mkoba utakuwa kifungu kimoja humo, maneno machache baada ya joho na kabla ya viatu.

Maneno hayo yana vipimo. Jina la kitu cha kawaida katika GemStone lina sehemu tatu, sifa mbili na jina lenyewe, na kila sehemu haitakiwi kuzidi herufi 15. Anayetaka mkoba mzuri anakaa na daftari akihesabu herufi, kama mtunzi wa mashairi anavyohesabu mizani, akitupa neno hili na kuokota lile. Kwa Kiswahili, tukichukulia mfano tu, mwingine angetaka usomeke "mkoba wa mahameli mwekundu". Mtu akiutazama kwa karibu, aya ya pili inamfungukia: nakshi za uzi wa fedha, korongo wawili juu ya mto, kifungo cha jiwe la buluu. Mikoba mingine hutoa sentensi yake kila inapofunguliwa, na wote waliopo hapo wanaisoma.

Kuupata si kazi ndogo. Mchezaji wa kawaida hawezi kujiandikia tu. Inabidi asubiri wafanyabiashara wa mchezoni, ambao kwa kweli ni wahudumu wa kampuni waliovaa uhusika, na mara nyingi hutokea kwenye tamasha. Moja ya matamasha hayo, Ebon Gate, hufanyika kila mwaka majira ya Oktoba. Wachezaji hununua tiketi za bahati nasibu kwa fedha ya mchezoni au husimama wakingoja jina lao lichaguliwe, kisha wanaeleza wanachotaka. Mfanyabiashara anaweza kubadili maneno ya mkoba, kuupunguzia uzito au kuuongezea kina ili ubebe zaidi. Kuna wanaochagua kina. Kuna wanaochagua maneno, na mkoba wao unabaki mdogo vilevile, unaotosha vito vichache na majani ya dawa. Siku hizi kampuni inauza pia sarafu zake maalumu kwa dola halisi, na kwa sarafu hizo mchezaji hupata baadhi ya vitu na huduma.

Na mkoba huo, pamoja na gharama zake zote, ukiachwa chini ovyo katika GemStone, mfagiaji wa mji hupita akauzoa.

Maneno yanayovaliwa

Msomaji wa pwani hatashangaa sana kwamba watu wanalipia maneno. Kanga mbili zenye kitambaa kilekile na rangi ileile zinaweza kuwa na thamani tofauti kabisa kwa sababu ya jina lililoandikwa chini. Mnunuzi husoma kwanza, kisha ndipo anauliza bei, maana atakayeivaa atakuwa anasema jambo bila kufungua mdomo, na jirani aliyekusudiwa atalisoma. Kiswahili chenyewe kinaujua mkoba usioshikika. Kocha mpya "hupokea mikoba" ya aliyefukuzwa na mtoto wa mganga hurithi mkoba wa baba yake, na hakuna anayeuliza una zipu ngapi.

Jambo moja kuhusu michezo hii halisemwi vya kutosha. Kwa kuwa yote ni maandishi, wasioona huicheza wakitumia programu inayosoma skrini kwa sauti, na kwa miaka mingi wamekuwa sehemu kubwa ya wachezaji wa michezo ya aina hii. Kwenye mchezo wa picha, kijana asiyeona husimuliwa na wenzake jinsi begi la fulani linavyong'aa. Kwenye mchezo wa maandishi anaujua mkoba wa mahameli sawasawa na aliyekaa kwenye kompyuta ya pili yake, na wa kwake mwenyewe anaweza kuutunga neno kwa neno. Mzazi mwenye mtoto asiyeona, na mwenye Kiingereza cha kutosha cha kusomea, hapotezi kitu kwa kulijua hilo, maana michezo mingi ya aina hii haina malipo.

Mahakama iliposema ni wizi

Wapo watakaosema haya yote ni mchezo tu, na kitu cha mchezoni hakina thamani. Hoja hiyo ilifika mahakamani nchini Uholanzi, na ilishindwa.

Mwaka 2007 vijana wawili walimkamata mvulana wa miaka 13, wakampiga na kumtishia kwa kisu. Hawakutaka simu wala fedha. Walimlazimisha aingie kwenye akaunti yake ya RuneScape na kuacha chini hirizi na kinyago vya mhusika wake, wakavichukua. RuneScape ni mchezo wa picha, ila mwanzilishi wake, Andrew Gower, alianza kwa kujaribu kuipa picha michezo ya maandishi ya aina ya MUD. Utetezi ulidai kwamba hirizi na kinyago ni data tu, hakuna kilichoibwa. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Januari 31, 2012 ilisema huo ni wizi. Vitu vile vilikuwa na thamani kwa mvulana yule kwa sababu alitumia muda na nguvu kuvipata, na alikuwa na mamlaka juu yake hadi alipopokonywa.

Majaji hawakuhitaji kuipenda RuneScape ili kufikia hapo. Walitazama saa alizotumia mtoto. Mzazi anayefuta mchezo kwenye simu kwa hasira, bila onyo, hajafanya kosa la jinai, na simu ni yake. Lakini mtoto anapolia siku mbili baada ya hapo, huenda amepoteza kazi ya miezi sita, na kumwambia "ni mchezo tu" hakumfuti machozi.

Begi linapokuwa duka

Upande wa pili wa jambo hili unahitaji mzazi mkali. Yule wa GemStone ni mtu mzima anayetumia mshahara wake na anajua anachonunua. Mtoto hana mshahara, na duka lililoko ndani ya simu limejengwa na watu wanaomjua vizuri.

Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani iliuza deraya ya kumvisha farasi ndani ya mchezo wake Oblivion kwa dola 2.50. Wachezaji waliicheka kwa miaka. Leo biashara ya mapambo inaendesha michezo mizima. Fortnite, ulioanza mwaka 2017, unachezwa bure na huingiza fedha kwa kuuza mavazi, na miongoni mwake yapo mapambo ya mgongoni, mengi yakiwa mabegi, ambayo hayamwongezei mchezaji nguvu hata kidogo. Free Fire na PUBG Mobile, michezo inayochezwa na watoto wengi wa Afrika Mashariki kwenye simu, nayo ina mabegi ya kubebea silaha na risasi, kisha inauza sura za kuyapamba mabegi hayo. Silaha anabeba zilezile. Kinachobadilika ni jinsi wenzake wanavyomwona wanapomkimbilia nyuma.

Bei haiandikwi kwa shilingi. Kwanza mtoto hununua almasi, sarafu au alama, kisha hizo ndizo zinazonunua begi, na mara nyingi vifurushi vya almasi havilingani na bei ya kitu, hivyo zinabaki chache zisizotosha chochote. Mtu mzima naye hupotea hapo. Swali la kwanza la kumwuliza mtoto ni hilo: hili begi ni shilingi ngapi? Mwache apige hesabu mwenyewe kwenye karatasi. Watoto wengi hawajawahi kuipiga.

Mwishoni mwa mwaka 2022 kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, baada ya tume ya Marekani inayolinda walaji, FTC, kuilalamikia kwamba vitufe vyake vilipangwa kwa namna iliyowafanya watu wanunue bila kukusudia, na kwamba watoto waliweza kununua bila ridhaa ya wazazi. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Apple ilikubali kurudisha angalau dola milioni 32.5 kwa sababu ya manunuzi ya watoto.

Kuna aina moja ya kuangaliwa zaidi: sanduku au mfuko uliofungwa, ambao mtoto analipa kwanza ndipo aone kilichomo. Kiswahili kina jina la biashara hiyo, kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kuwa baadhi ya masanduku hayo ni kamari isiyoruhusiwa nchini humo. Mapambo ya bei inayoonekana yanaweza kuzungumzwa nyumbani kama vile viatu vinavyozungumzwa. Gunia lililofungwa ni afadhali likataliwe moja kwa moja, na mtoto aelezwe sababu.

Yanayowezekana nyumbani

Mtoto akisema, "Mama, wenzangu wote wanalo," anasema kweli kwa kiasi fulani, na ndiyo habari yenyewe. Mchezaji asiyenunua chochote huwa na sura ya kuanzia ambayo kila mtu anaitambua, na kwenye baadhi ya makundi sura hiyo imegeuka kuwa neno la kumdhihaki maskini. Inafaa kumwuliza wenzake ni akina nani: wa shuleni, wa mtaani, au watu ambao hajawahi kuwaona? Nani alimwambia anunue? Je, yupo aliyeahidi kumpa begi bure ili amtajie neno la siri la akaunti? Swali hili la mwisho lisisahaulike, maana wezi wa akaunti hutumia zawadi za aina hiyo kama chambo.

Baba mwingine ataona ni afadhali akae dakika kumi aonyeshwe begi lenyewe. Mtoto huwa tayari kabisa kueleza. Katika maelezo yake mzazi atasikia kama begi hilo alilipata kwa kushinda, kwa kupewa na rafiki au kwa fedha, na kama fedha, zilitoka wapi.

Kwa upande wa simu, kwenye programu ya Google Play kuna mpangilio unaodai uthibitisho kabla ya kila ununuzi. Uwekwe wa kila mara, na neno la siri lisiwe lile analolitumia mtoto kufungulia simu. Programu ya Family Link humwezesha mzazi kuidhinisha ununuzi wa mtoto kwa simu yake mwenyewe, ingawa haioni malipo yanayofanyika nje ya Google Play, kwa mfano mtoto anapomtumia fedha mtu anayeuza almasi. Kwa hiyo namba ya siri ya pesa za simu isitajwe mbele ya watoto, hata kama ndio wanaotumwa kuweka vocha. Kadi ya benki isibaki kwenye akaunti anayochezea mtoto.

Ikiwa ununuzi umeshafanyika bila ridhaa, muda ndio muhimu. Google Play hupokea maombi ya kurudishiwa fedha yanayotumwa ndani ya saa 48, na mzazi anaweza kuyatuma mwenyewe kwa simu akiwa na tarehe na jina la mchezo. Saa hizo zikipita, atatakiwa kuwaandikia waliotengeneza mchezo, na uamuzi utakuwa wao.